Mbona pesa za karo huisha kabla ya Januari?

Mshahara wa Novemba unapoingia, kila mzazi mjini anajua fika kwamba Januari iko njiani. Anajua kuna karo, kuna sare, kuna vitabu, na kama kuna mtoto anayekwenda shule ya bweni, kuna godoro na sanduku. Hahitaji kukumbushwa na mtu. Lakini ifikapo wiki ya kwanza ya mwaka, mzazi huyo huyo yuko kwenye foleni ya sacco akijaza fomu ya mkopo wa dharura. Dharura gani, ilhali Januari huja kila mwaka?

Kama wewe msomaji ni mmoja wao, usiharakishe kujilaumu. Jirani zako watasema ulikula Krismasi. Mama mkwe atasema huna mpango. Wataalamu wa uchumi nao, kwa miaka mingi, hawakuwa na la kukuambia, kwa sababu katika vitabu vyao mtu kama wewe hakuwapo kabisa.

Vitabu hivyo vilimchukulia binadamu kama mashine ya hesabu. Anajua anachokitaka, anapima faida na hasara, anachagua lililo bora na kulitekeleza. Asiponunua kitu, basi ama hana pesa, ama hana habari, ama hakitaki. Dawa za serikali nazo zikawa ni hizo hizo: mpunguzie bei, mpe mafunzo, au achana naye.

Mwaka wa 1979 wanasaikolojia wawili kutoka Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu hawapimi mambo hivyo. Kwa mfano, kupoteza shilingi 1,000 humuuma mtu kuliko vile kupata shilingi 1,000 kunavyomfurahisha. Prof Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2002, mwenzake akiwa amekwisha kufariki mwaka wa 1996. Mwaka wa 2017 tuzo hiyo ilimwendea Prof Richard Thaler wa Chuo Kikuu cha Chicago, kwa kazi yake ya kuingiza mienendo ya watu katika hesabu za uchumi. Taaluma hiyo ndiyo inayoitwa uchumi wa tabia.

Prof Thaler na mwenzake Shlomo Benartzi walifanya jambo moja ambalo kila mwanachama wa sacco atalielewa. Waliwaendea wafanyakazi wa kampuni moja huko Marekani waliokuwa wakishikilia kwamba hawawezi kuweka akiba zaidi ya uzeeni. Hawakuwaambia wakatwe leo. Waliwauliza hivi: mshahara wenu utakapoongezwa, mtakubali sehemu ya nyongeza hiyo ikatwe kabla hamjaizoea? Wengi walikubali. Katika muda wa miezi 40, akiba yao ilipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6. Hakuna aliyelazimishwa, na aliyetaka kujiondoa aliruhusiwa.

Hata hivyo usidhani kwamba mambo haya ni ya Chicago peke yake. Baadhi ya majaribio ya uchumi wa aina hii yanayotajwa sana duniani yalifanywa hapa kwetu, na mengi yake huko Busia.

Mbolea ya Busia

Chukua mkulima mwenye shamba dogo la mahindi magharibi mwa Kenya. Anavuna, anauza gunia mbili tatu, anapata pesa. Msimu wa kupanda ukifika miezi kadhaa baadaye, anahitaji mbolea. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu mbolea katika mashamba ya wakulima wenyewe, wakagundua kwamba nusu kijiko cha chai kwa kila shina, ikitiwa mahindi yakiwa yamefika magotini, ilileta faida ya karibu asilimia 70 kwa mwaka. Hakuna benki inayokupa riba kama hiyo. Tena nusu kijiko ni kitu ambacho hata mwenye pesa kidogo anaweza kukimudu.

Mbona basi wakulima wengi hawakununua? Je, hawakujua? Watafiti waliwauliza wale walioshiriki katika mashamba ya maonyesho na kuiona faida kwa macho yao. Karibu wote, zaidi ya 97 katika kila 100, walisema msimu ujao lazima watatumia mbolea. Msimu ulipofika, ni 37 tu waliotimiza.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Wakulima hao hawakuwa wajinga na hawakuwa waongo. Siku ya kuvuna pesa zilikuwapo, lakini kupanda kulikuwa mbali na duka lingekuwapo hata kesho. Siku ya kupanda nia ilikuwapo, lakini pesa zilikuwa zimekwenda hospitalini, matangani, au kwa shemeji aliyekuja kuomba. Kati ya siku hizo mbili ndimo mbolea ilimopotelea.

Watafiti wakabuni mpango mdogo sana. Mara baada ya mavuno, afisa alimtembelea mkulima nyumbani na kumwambia: nunua mbolea yako sasa kwa bei ile ile ya dukani, nami nitakuletea hapa mlangoni bila malipo utakapokuwa tayari kuitumia. Hakukuwa na ruzuku wala semina. Kilichopunguzwa ni nauli tu, na kilichobadilishwa ni siku. Waliotumia mbolea waliongezeka kwa karibu nusu ya idadi ya awali au zaidi. Wakulima wengine walipunguziwa bei kwa nusu nzima, lakini wakati wa kuitumia ulipofika, na matokeo yakawa karibu yale yale. Yaani kumfikia mkulima siku yenye pesa kulifanya kazi sawa na kumkatia nusu ya bei siku asiyokuwa nazo.

Mwandishi huyu huikumbuka hesabu hiyo kila anaposikia habari za mbolea ya bei nafuu. Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya gunia la kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata ikashuka tena hadi 2,500. Ni nafuu kubwa na hakuna mkulima aliyelalamika kwamba bei imeshuka mno. Lakini mjadala bungeni na kwenye redio ulikuwa wa bei, bei, bei. Ni wangapi waliouliza kama mbolea ilifika kwenye maghala wakati mkulima alikuwa bado ameshika pesa za mahindi?

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo wapenzi wa mbinu hizi hulipitia haraka. Mpango ulipokwisha na maafisa wakaacha kubisha hodi, wakulima walirudi pale pale walipokuwa. Hawakuwa wamebadilika tabia. Walikuwa wamesaidiwa siku moja muhimu, na siku hiyo ilipokosa msaidizi, mambo yakawa ya kale.

Sanduku na ufunguo

Bi Duflo, Prof Kremer na Abhijit Banerjee walipata Nobel ya uchumi mwaka wa 2019 kwa njia yao ya kufanya majaribio kuhusu umaskini. Prof Kremer alikuwa ameijua Kenya kitambo, kwani katika ujana wake alifundisha shule ya sekondari huko Kakamega. Lakini jaribio ninalolipenda mimi ni la Bi Pascaline Dupas na Bw Robinson, kwa sababu linahusu kitu ambacho karibu kila nyumba ya Kenya inakijua: chama.

Walikwenda katika vyama vya akiba vya mzunguko magharibi mwa nchi, vile ambavyo wanachama huchanga na kupeana kwa zamu. Lengo lilikuwa kuwasaidia watu kuweka pesa za afya, kama vile za kununua vyandarua. Kundi moja lilipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo akapewa mwenye sanduku. Kundi la pili lilipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ulikaa kwa afisa wa mradi, na halikufunguliwa hadi pesa za kununulia kifaa cha afya zitimie. Kundi la tatu halikupewa sanduku. Liliombwa tu lianzishe mchango wa pembeni ndani ya chama, wa vifaa vya afya peke yake.

Ungeweka dau lako wapi? Watu wengi wangesema sanduku la pili, lile lisilofunguka, maana litamlinda mtu na nafsi yake. Matokeo yakawa kinyume. Sanduku la kwanza, ambalo mwenyewe angeweza kulifungua saa yoyote, liliongeza matumizi ya kujikinga na magonjwa kwa theluthi mbili au zaidi. Mchango wa pembeni wa chama uliyazidisha zaidi ya maradufu. Lile sanduku lililofungwa kabisa halikuonyesha faida yoyote kwa kinga hiyo.

Sababu si ngumu kwa mtu aliyewahi kulala na mtoto mwenye homa. Nani ataweka shilingi zake mahali asipoweza kuzifikia usiku wa manane? Ukimfungia maskini pesa zake, ataogopa kuziweka. Na lile sanduku la kawaida lilisaidiaje kama lilifunguka? Kwanza, pesa zikiwa sandukuni huwa zina jina. Si pesa tu, ni pesa za chandarua. Pili, mwenye sanduku ana la kumwambia anayekuja kuomba: hizi zina kazi yake. Bila sanduku, noti iliyo mfukoni haina utetezi.

Shida hiyo ya kuombwa haikuanza jana. Katika jaribio jingine la magharibi mwa Kenya, Pamela Jakiela na Owen Ozier waliwapa watu pesa za kuwekeza, na wakaona wanawake waliokuwa na jamaa zao pale pale wakikubali faida ndogo mradi tu kiasi walichopewa kisijulikane. Unaweza kuwacheka, lakini ni Mkenya gani mwenye kazi mjini asiyewahi kuficha payslip yake?

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wasomi wanaoliita chama mazungumzo ya chai. Mama anayechanga shilingi 500 kila Jumamosi kwa wenzake kumi anazitoa pesa zake nyumbani kabla hazijaombwa, anaona aibu kukosa zamu, na siku yake ikifika anapata kiasi kinachoweza kununua mbuzi au kulipa karo. Alifika huko kabla ya maprofesa.

Abiria na stika

Si akiba tu. Unaijua hali ya matatu linalokimbia kupita kiasi huku abiria 14 wakishika viti kwa nguvu, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Sheria zipo. Tangu Februari 2004 tumekuwa na kanuni za Waziri John Michuki kuhusu mikanda na vidhibiti mwendo. Polisi wapo pia, na mengine kuhusu hao tuyaache.

James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliamua kuwaacha polisi kando na kuzungumza na abiria. Walibandika stika ndani ya matatu zaidi ya 1,000, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anapoendesha vibaya. Ili stika zisibanduliwe, madereva waliozitunza waliingizwa katika bahati nasibu ya pesa. Ni hayo tu. Madai ya bima kwa ajali za magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka wa 2015 lilionyesha upungufu wa robo hadi theluthi moja, ambao bado si haba. Ndiyo asili ya stika za Zusha! ambazo huenda uliziona umeketi.

Stika haikumfundisha abiria kwamba mwendo wa kasi unaua. Hilo alilijua. Ilimpa ruhusa ya kuwa wa kwanza kufungua mdomo, kwa sababu sasa maandishi yalikuwa upande wake.

Na katika afya, bei ndogo ambayo mwanauchumi wa zamani angeiona si kitu imeonekana kuwa ukuta. Bi Jessica Cohen na Bi Dupas walijaribu kuwauzia vyandarua akina mama wajawazito katika kliniki za magharibi mwa Kenya. Bure, karibu wote walichukua. Kwa shilingi 40, kati ya kila akina mama 100 karibu 60 waliokuwa wangechukua hawakuchukua. Na ile hoja ya zamani kwamba cha bure hakithaminiwi haikusimama: waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dawa ya kutibu maji. Ikiuzwa dukani kwa chupa, ni wachache walioitumia. Ilipowekwa bure kwenye mtungi pale pale kisimani, mtu akizungusha kifuniko na kupata kipimo kamili huku majirani wakitazama, zaidi ya nusu ya nyumba katika majaribio hayo zilionekana kuwa na dawa ndani ya maji yao.

Wanaojua sana mbinu hizi

Sasa tuseme ukweli mwingine. Walio hodari zaidi katika uchumi wa tabia hapa Kenya si Wizara ya Fedha. Ni wale wanaokukopesha kwa simu usiku wa saa tano, kwa kubonyeza mara mbili. Ni kampuni za kamari zinazokuonyesha ulivyokosa kwa timu moja tu. Wanajua kwamba ada ya siku moja huonekana ndogo, na kwamba hakuna anayeizidisha kwa siku 365. Wanajua kwamba mkopo ukija kwa hatua chache kuliko akiba, mtu atakopa. Mkulima wa Busia alihitaji afisa atembee hadi nyumbani ili anunue mbolea. Mkopo unalala nawe chini ya mto.

Benki Kuu ilianza kuwapa leseni wakopeshaji wa simu kwa kanuni za Machi 2022, hasa baada ya malalamiko ya wateja waliokuwa wakiaibishwa kwa jamaa zao. Ni hatua nzuri. Lakini kanuni ingeweza pia kuuliza swali la Busia: je, kati ya kutaka mkopo na kuupata, kuna nafasi ya mtu kuvuta pumzi? Kungoja saa chache tu usiku kungewaokoa wengi.

Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wana jambo hapa. Pesa za HELB zikiingia kwa mkupuo, wiki mbili za kwanza ni nyama choma na viatu, na wiki za mwisho ni ugali kwa chumvi. Wazee waliosoma siku za "boom" watakuambia kwamba kwao ilikuwa hivyo hivyo. Kama mwanafunzi angepewa nafasi ya kuchagua pesa zake za matumizi zigawanywe kwa miezi, tena achague kabla hajaziona, bodi isingetumia hata shilingi moja zaidi.

Lakini mbinu hizi zisije zikawa kisingizio. Kuna wanasiasa ambao wangefurahi sana kusikia kwamba tatizo la maskini ni tabia. Dupas na Robinson walipowafungulia akaunti za benki wafanyabiashara wadogo wa soko moja Busia, wanawake wa sokoni waliongeza mtaji wao kwa zaidi ya theluthi moja, lakini waendesha bodaboda za baiskeli hawakuonyesha mabadiliko. Mshahara usiotosha hautatoshelezwa na sanduku, na mahindi yaliyokauka kwa ukame hayaponi kwa mbolea ya nusu kijiko.

Kwa wenye kipato kidogo kuna jaribio moja la kuwapa moyo. Mwaka wa 2011 ulizinduliwa mpango wa uzeeni wa watu wa jua kali ulioitwa Mbao, kwa sababu mtu aliweza kuweka shilingi 20 kwa siku. Watafiti waliwagawa wanachama. Wengine walipewa ujumbe wa simu, wengine ujumbe ulioandikwa kana kwamba umetoka kwa mtoto wao, wengine nyongeza ya asilimia 10 au 20 juu ya akiba yao. Wengine walipewa tu sarafu kubwa ya rangi ya dhahabu yenye namba za wiki 24, waiweke nyumbani na kuikwaruza kila wiki kuonyesha kama wameweka au hawakuweka. Sarafu ilishinda nyongeza za pesa. Waliokuwa nayo waliweka karibu maradufu ya wasiopewa chochote. Akiba ya uzeeni haionekani, lakini sarafu iliyo mezani mke anaiona, watoto wanaiona, na wiki iliyorukwa inaonekana pia.

Turudi kwa Januari yako. Kama uko kwenye sacco, makato ya mshahara unayoyalalamikia ndiyo pesa pekee ambazo hazikuombwa na mtu. Unaweza kujaza fomu nyingine leo, ya akiba ya karo, ianze kukatwa mwezi ujao au siku nyongeza itakapokuja. Kama huna mshahara wa kila mwezi, chama chako kinaweza kuwa na mchango wa pembeni wa karo tu, unaogawanywa Desemba kwa kulipwa shuleni moja kwa moja badala ya kupewa mtu mkononi.

Na shule nazo zina sehemu yao. Nyingi hutuma orodha ya ada pamoja na ripoti ya mtoto siku ya kufunga, kisha zinangoja mlangoni siku ya kufungua. Mwalimu mkuu akitaka kujaribu kitu, amtume mhasibu wake na kitabu cha risiti kwenye mkutano wa wazazi mwishoni mwa Oktoba, apokee kiasi chochote mzazi alicho nacho siku hiyo, hata kama ni shilingi 300, na amwandikie risiti yenye jina la mtoto.